Je, anayeanza uwindaji anunue mfumo kamili wa raifo ya masafa marefu?

Mkazi wa Igoma ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Mwanza, na kwa miaka kadhaa nimemiliki shotigani kwa leseni kwa ajili ya kulinda ghala. Sasa ninakusudia kuingia katika uwindaji wa wenyeji kwa kufuata utaratibu, yaani kuomba kwanza leseni ya raifo, kisha leseni ya kuwinda wanyama kama swala pala, nyamera na pofu wakati wa msimu. Raifo yenye darubini sijawahi kuipiga.

Shemeji yangu anayeishi Marekani amenishauri nisihangaike kukusanya kimoja kimoja, bali ninunue ule mfumo kamili wa masafa marefu unaouzwa na kampuni kama Gunwerks ya mji wa Cody, jimbo la Wyoming. Unanunua kwa pamoja raifo, darubini iliyokwisha kufungwa na kulinganishwa na mtutu, kipimo cha umbali cha leza, na risasi zilizochaguliwa kwa ajili ya mtutu huohuo. Ukishapima umbali, unazungusha gurudumu dogo lililo juu ya darubini mpaka kwenye namba ya umbali huo, unalenga katikati, unafyatua. Shemeji anasema hata asiye na uzoefu hufikia yadi 1,000, ambazo ni mita 914, baada ya mafunzo mafupi. Bei yake huanzia kwenye dola 8,000 hivi na kupanda, maana yake ni shilingi milioni 20 na ushee kabla ya usafirishaji na kodi.

Fedha hiyo ninaweza kuipata, lakini ni fedha ya kununulia mahindi, na sipendi kuizamisha mahali ambapo haitazaa. Je, mtu anayeanza anufaike na mfumo wa namna hii, au ajifunze kwanza kwa raifo ya kawaida?

Fundi wa Nyakato amejibu:

Mkuu, nianze na kile ambacho mfumo huo unakitatua kweli, kwa sababu wengi huuponda kabla ya kuuelewa. Raifo inapokosa shabaha, mara nyingi kasoro haiko kwenye mtutu. Iko kwenye vikamatio vya darubini vilivyolegea, kwenye kitako kinachogusana na mtutu mahali pasipotakiwa, au kwenye risasi ambazo mtutu huo haupatani nazo. Anayeanza hana namna ya kujua ni ipi kati ya hizo, wala kama kasoro ni yake mwenyewe, kwa hiyo hubadilisha hiki na kile huku risasi zikiteketea. Vitu vilivyofungwa na fundi mmoja na kujaribiwa pamoja vinamwondolea mashaka hayo yote kwa mkupuo, na si jambo dogo.

Sasa tuje kwenye gurudumu. Namba zilizochorwa juu yake zimehesabiwa kwa risasi moja tu, yenye uzito mmoja na kasi moja, katika mwinuko fulani na joto fulani. Cody iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi na uwindaji wa kule hufanyika sana wakati wa baridi. Mwanza iko kwenye mita 1,140 hivi, na mtu angedhani kwamba hewa ya hapa ni nzito zaidi. Lakini joto linapofika nyuzi 30 mchana, hewa yetu huwa nyepesi kana kwamba tupo karibu mita 2,000 kwenye majedwali ya wapiga shabaha, na baruti iliyopata joto nayo huisukuma risasi kwa kasi kubwa zaidi. Ukiwaeleza, watakuchorea gurudumu la Mwanza, kwa hiyo kikwazo hakiko hapo. Kikwazo kitakuja siku zile risasi zao zitakapokwisha, ukalazimika kutumia za kaliba hiyohiyo, yaani ukubwa uleule unaoingia kwenye bunduki yako, lakini za uzito mwingine. Siku hiyo gurudumu litaanza kukudanganya bila wewe kujua, kwa kuwa namba zake zitabaki zilezile.

Kaliba nazo zitazame kwa makini. Mifumo hiyo huuzwa zaidi katika kaliba kama 6.5 PRC iliyotoka mwaka 2018, 7mm Remington Magnum, na .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963. Kwetu huku muuza silaha ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukuletea .30-06, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1906, au .308, au .375 H&H ya wale wanaokwenda kwa nyati.

Jambo la mwisho ni hesabu. Raifo inayosifiwa kuwa nzuri hukusanya risasi zake ndani ya duara la sentimita 3 hivi kwenye mita 100, ambalo linakuwa sentimita 9 kwenye mita 300 na kufikia 17 au 18 kwenye mita 600. Moyo na mapafu ya swala pala vimekaa katika eneo la sentimita kama 15. Mifumo hiyo hutengenezwa ipunguze duara hilo kufikia nusu, lakini nusu hiyo hupatikana bunduki ikiwa imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, si mikononi mwa mtu aliyetoka kupanda kilima na bado anahema.

Mzee wa Lamadi amejibu:

Mwanangu wa Igoma, nimefanya kazi ya kufuata nyayo na kubeba fito za kuegemezea bunduki katika vitalu vya upande huu kwa muda mrefu, nikiwa chini ya wawindaji bingwa wa kila tabia, na wageni wenye mifumo hiyo nimewaona. Sitabishana na fundi juu ya magurudumu. Nitakueleza mahali ambapo bunduki yako itafanyia kazi.

Silaha hizo zilitokana na milima ya Marekani ya magharibi, ambako mwindaji hulala kifudifudi juu ya mwamba upande mmoja wa bonde na mnyama akasimama upande wa pili, hakuna mti wala nyasi ya kumziba, na kumfikia karibu kungechukua nusu siku. Katika mazingira hayo bunduki nzito yenye miguu miwili mbele ina maana. Njoo sasa huku kwetu. Ukilala chini kwenye nyasi za Julai ukiwa na bunduki yako ya milioni 20, unachokiona kwenye darubini ni mabua. Huku watu hupiga wakiwa wamesimama, bunduki ikiwa juu ya fito tatu zilizofungwa pamoja, na ile miguu ya mbele iliyolipiwa inabaki kuwa uzito wa kumchosha anayebeba. Ukienda kwenye miombo ya upande wa Biharamulo na Geita, kuona mbele mita 150 bila kuzibwa na shina ni bahati. Isitoshe, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kwa hiyo humo hakuna tena habari ya kuwinda.

Nitakuwa mkweli kwamba zipo mbuga za wazi. Kwenye tambarare za kusini mwa Ghuba ya Speke, kuelekea Kijereshi na Maswa, nyamera hupenda kusimama juu ya kichuguu akitazama huku na huku, na unaweza kumwona kwa mbali sana. Hapo ndipo mwenye mfumo hushawishika. Lakini hapo ndipo upepo wa ziwa unapotawala. Asubuhi na mapema hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kisha jua likipanda hutulia kidogo na kugeuka, na kufikia mchana inavuma kutoka ziwani kuja bara. Wakati wa kugeuka huko, nyasi zilizo miguuni mwako zinaweza kulalia kushoto na zilizo miguuni mwa mnyama zikalalia kulia. Kipimo cha leza kinakueleza kwamba ni mita 480, nacho hakikosei. Upepo ulioko katikati ya mita hizo 480 hakiuoni. Upepo wa kilomita 16 kwa saa, ambao mvuvi wa hapa hauiti hata upepo, ukivuma kutoka ubavuni huisogeza risasi ya .308 zaidi ya nusu mita kwenye umbali wa mita 500. Zile kali za .300 husogea kidogo zaidi ya theluthi moja ya mita, na hiyo bado inatosha kuitoa risasi kwenye mapafu na kuipeleka tumboni. Mchana kuna na mazigazi, ardhi inacheza kwenye kioo cha darubini kiasi kwamba hujui mguu wa mnyama unaanzia wapi.

Tena mnyama si ubao. Risasi inachukua zaidi ya nusu sekunde kufika mita 500, na swala pala anahitaji muda huohuo kupiga hatua moja. Ukiwa mita 120 unamwona masikio, unajua kama ametulia au anataka kuondoka. Kwa mbali unaona umbo tu. Akijeruhiwa, unatembea mita 500 ukitafuta mahali alipokuwa, na kichuguu kile ulichokuwa ukikitazama kumbe viko vitano vinavyofanana. Wageni niliowaona wakifanikiwa kwa masafa hayo walikuwa watu waliopiga shabaha kwa miaka kabla ya kupanda ndege, na wengi wao walikuwa wa kwanza kusema, "Twende karibu zaidi."

Tumia fedha yako kujifunza kutambaa.

Mpenda Utaratibu, Nyamagana amejibu:

Wazee wamemaliza upande wa pori, nami niongeze upande wa makaratasi, ambao ununuzi huu unaweza kukwamia kabla hata ya kufika bandarini. Kwanza, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuruhusu uagize silaha kutoka nje kama unavyoagiza jenereta. Unahitaji kibali kabla haijaingia nchini, na mahali pa kuanzia ni polisi wa wilaya yako, si tovuti ya muuzaji. Pili, serikali ya Marekani nayo inataka kibali cha kuitoa raifo nchini mwake, na kibali hicho kinahusu hata darubini ya bunduki ikisafirishwa peke yake, hivyo shemeji asije akaifunga kwenye mzigo wa nguo akidhani anakusaidia. Tatu, risasi hununuliwa kwa leseni na kwa idadi inayodhibitiwa, jambo linalogeuza ile hoja ya fundi kuhusu risasi maalumu kuwa nzito zaidi kuliko alivyoiweka. Baadhi ya mifumo huuzwa pamoja na kifaa cha kupunguza mlio. Usikiagize bila kuuliza na kupata jibu la maandishi.

Upande wa wanyama, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda usiku na kupiga ukiwa kwenye gari, na nyati hupigwa kwa kaliba isiyopungua .375. Ukinunua mfumo wa .300 kwa milioni 20 ukitarajia siku moja upande daraja hadi kwa nyati, utalazimika kununua bunduki nyingine. Na mnyama uliyemjeruhi akakupotea huhesabiwa kwenye leseni yako sawa na aliyekufa.

Bi. Kirumba amejibu:

Naomba kutofautiana na wakubwa zangu kwa heshima. Baba yangu aliwinda, nami napiga shabaha kwa leseni, na naona mjadala umegeuka kuwa kesi dhidi ya kupiga mbali, ilhali aliyeuliza hakusema anataka kumpiga nyamera kwenye mita 900. Aliuliza kama anayeanza atanufaika. Kumiliki chombo kinachofika mita 900 hakumlazimishi mtu kupiga mita 900.

Nilivyoona, anayenunua bunduki ya bei rahisi na darubini ya bei rahisi huibadilisha darubini mwaka unaofuata, kisha triga, kisha kitako, na mwisho amelipa karibu sawa na yule aliyenunua kizuri tangu mwanzo, tena kila badiliko limempotezea muda kwenye utaratibu aliousema Mpenda Utaratibu. Lakini hoja yangu kubwa ni ya mafunzo. Ukipiga na bunduki usiyoiamini, kila risasi inayopotea unailaumu bunduki. Ukipiga na ile ambayo imethibitishwa, lawama inakuja kwako moja kwa moja, na ndivyo unavyojua kama umevuta triga vibaya au umefumba jicho. Na mifumo mingi ya namna hiyo huambatana na mafunzo ya mwalimu, kitu ambacho raifo ya dukani haina.

Mzee wangu wa Lamadi amesema wageni waliofanikiwa walikwisha kupiga shabaha kwa miaka. Sawa, lakini nao walianza na kitu.

Mzee wa Lamadi amejibu:

Binti yangu wa Kirumba, hoja yako ya lawama ni nzuri na sina pa kuipinga. Kwamba chombo hakimlazimishi mtu, hapo ndipo tunapoachana. Mtu amelipa milioni 20 kwa ajili ya namba zilizochorwa juu ya gurudumu, amekaa juani tangu alfajiri, jua linashuka, na mnyama amesimama mita 550 akiwa ametulia. Namba 550 ipo pale, imechorwa. Nimekuwa nyuma ya watu wa namna hiyo na najua wanachofanya. Wamarekani wenyewe wamelizungumza hili: klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa na Theodore Roosevelt pamoja na wenzake mwaka 1887, imetamka wazi kwamba kumpiga mnyama kutoka umbali ambao hawezi kukuhisi ni kumwonea. Roosevelt huyo alikuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909, na hata ziwa letu alilivuka kutoka Kisumu kwenda Entebbe, na wala hakuwa mtu wa kuwahurumia wanyama kupita kiasi.

Halafu kuna teke. Raifo ya .300 Winchester Magnum humpiga mpigaji begani karibu mara mbili ya 6.5 Creedmoor, na anayeanza akishapigwa hivyo mara kadhaa huanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Wewe umezoea, yeye hajawahi hata kuipiga raifo yenye darubini.

Bi. Kirumba amejibu:

Kuhusu teke nakubali kabisa, Mzee. Kama angeniuliza mimi, ningemwambia achukue mfumo wa 6.5 Creedmoor au asichukue kabisa. Kuhusu mtu wa mita 550, nasema huyo angepiga mbali hata kwa bunduki ya kuazima, na angejeruhi zaidi.

Mkazi wa Igoma amejibu:

Nawashukuru wote. Mzee, hilo la kulala kwenye nyasi sikuwa nimelifikiria hata kidogo, na video za shemeji zote zinaonyesha watu waliolala juu ya miamba. Nimeamua kutoagiza mfumo huo. Hata hivyo hoja ya Bi. Kirumba kwamba nisinunue takataka nimeichukua. Fundi, kama ungekuwa na fedha hiyo na hutaki kuzidi umbali wa mita 200 au 250, ungeigawaje?

Fundi wa Nyakato amejibu:

Mkuu, nisingeimaliza. Raifo ningetafuta ya .308 au .30-06 ya kiwanda kinachoaminika. Tikka ya Ufini ni nzuri, na CZ au Brno za Cheki zimezoeleka sana Afrika hii, hata mtumba wake ukikaguliwa mtutu vizuri unafaa. Bei ya Tikka mpya nchi za nje ni kama dola 1,000, yaani ni sehemu ndogo tu ya bei ya mfumo. Darubini usiipunje: chukua ya kukuza mara 2 au 3 hadi 9 au 10, yenye kioo angavu, kwa sababu wanyama hutoka alfajiri na magharibi, wakati ambao kioo duni huonyesha giza tupu. Ukuzaji wa mara 25 unaokuja na mifumo ile ungekufanya ushindwe kumpata mnyama aliye mita 80 kichakani, maana ungeona manyoya tu bila kujua ni ubavu au paja. Kama virekebisho vyake ni vya mili, ambayo ni kipimo cha pembe, kila mbofyo mmoja kwa kawaida ni sentimita 1 kwenye mita 100, hesabu ambayo haihitaji kikokotozi.

Kipimo cha umbali cha leza nunua, hapo mfumo wao uko sahihi. Macho ya mtu wa mjini humwona mnyama wa mita 300 yuko 200, hasa ng'ambo ya bonde. Cha kawaida kinatosha. Fito tatu chonga mwenyewe, urefu wa kukufikia kidevuni, uzifunge juu kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Fedha kubwa inayobaki iende kwenye risasi za aina moja, kwa kadiri leseni itakavyoruhusu, na kwenye gharama za kwenda kupiga mahali panaporuhusiwa. Zungumza na polisi wa wilaya kuhusu uwanja wa shabaha, usiende kufyatua tu nyuma ya shamba la mtu, kwa sababu risasi ya .30-06 iliyokosa inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3, na upande wa Magu na Busega hakuna kilomita 3 zisizo na mchungaji. Linganisha darubini ipige katikati kwenye mita 200. Ukiwa hapo, kuanzia mita chache mbele yako mpaka 220 hivi unalenga mapafu bila kufikiria chochote, na kwenye mita 300 risasi itakuwa imeshuka robo ya mita hivi, ambayo ndiyo sababu ya wewe kutopiga mita 300 mwaka huu. Mazoezi yako mengi yafanye ukiwa umesimama kwenye fito, machache ukiwa umekaa, na ukiweza piga mara tu baada ya kukimbia kidogo ili ujue moyo unavyoitikisa bunduki.

Ukisafiri na bunduki kwa barabara ya vumbi, hata kama imefungwa kwenye sanduku lake, omba nafasi ya kupiga risasi mbili kwenye karatasi kambini kabla ya kuingia porini. Mtikisiko wa matuta kutoka Bariadi kwenda mbele unalegeza vikamatio ambavyo fundi yeyote, mimi nikiwemo, alikaza kwa mikono yake. Na bisibisi ya kukazia ibebe wewe, usimwachie dereva.